Maneno Ambayo Sadala Hakuyasema

Manundu, Korogwe
4 Februari 2024

Mdogo wangu Sadala,

Nimekupigia simu wiki nzima. Nikisalimia unaitikia, nikiuliza habari za shamba unajibu, nikimtaja Muhsin mtandao unakatika. Mtandao wenye akili namna hiyo sijapata kuuona. Basi nakuandikia. Barua nampa kondakta wa basi la Handeni, ataiacha dukani hapo Misima. Ukiisoma nusu ukaikunja, nusu iliyobaki itakungoja.

Mkeo Faudhia alinifikishia mwanao Muhsin akiwa na homa, yeye mwenyewe akalala hapa siku mbili, akarudi kwako kama ulivyomwagiza. Hospitali wamempima mtoto na kumpa dawa. Polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, askari wa kike ameandika maelezo bila kumfokea. Jina la Mhina nimelitaja mimi kwa mdomo wangu. Mhina niliyembeba mgongoni, mdogo wetu wa mwisho, tumbo moja na mimi na wewe. Nimelitaja kama mtu anayetaja jina la mwizi. Usifikiri nilitoka pale nimefurahi.

Mtoto wako ana miaka kumi na moja na anakojoa kitandani. Hakai mpaka mgongo wake uguse ukuta. Fundi cherehani mwenzangu wa kiume akiingia dukani, yeye anatoka. Wametuelekeza kwa mshauri wa watoto, anaitwa Emiliana, ambaye amenikataza kumgombeza kwa ajili ya shuka. Anasema watoto waliotendewa haya hupona, lakini hupona vizuri zaidi mzazi akikaa nao kwenye tiba. Nikamuuliza, mzazi yupi? Akasema mtoto achague mwenyewe.

Amekutaja wewe, Sadala. Njoo.

Dada yako,
Mwaija

*

Misima
13 Februari 2024

Dada Mwaija, shikamoo.

Sisi wazima, ila Mama presha imempanda tangu askari walipokuja kuulizia mtu. Mwenyewe hayupo, amekwenda Mkata kutafuta kibarua mpaka mambo yapoe. Shamba la bondeni nimelisafisha, tunangoja mvua.

Kuhusu lile jambo, naomba jina la mtu usiliandike kwenye karatasi. Kondakta naye ana macho.

Je, huko wanampa dawa gani? Kama ni sindano, niambie zimebaki ngapi. Lakini kama ni kukalishwa aongeeongee na mwanamke, mimi sioni faida. Mambo ya namna hii yakizungumzwa sana yanaota mizizi. Sisi tulikuzwa mtoto akianguka anaambiwa simama. Nijibu jambo moja tu: daktari alisema atakuwa mwanaume kamili?

Kuja siwezi kwa sasa. Kazi ni nyingi.

Mdogo wako,
Sadala

*

Manundu, Korogwe
2 Machi 2024

Mdogo wangu,

Sindano hakuna. Na mwili wa mwanao daktari hakuona upungufu wake. Uanaume wenye kasoro ni wa yule aliyejificha Mkata, na nitaendelea kuliandika jina lake: Mhina.

Tiba ni kila Alhamisi. Mwanzoni hawakuligusa kabisa jambo lenyewe, na mimi nikaona tunapoteza nauli. Emiliana alimfundisha kupumua, mkono juu ya tumbo, polepole, kwa ajili ya zile saa moyo unapomwenda mbio. Kisha akamfundisha majina ya yaliyomo moyoni. Alipomuuliza mara ya kwanza anajisikiaje, Muhsin alijua majibu mawili, njaa na usingizi. Sasa anasema hofu. Anasema aibu. Aliulizwa hasira yake inakaa wapi, akasema magotini.

Wakaja kwenye mwili. Kila kiungo kwa jina lake, bila kucheka wala kunong'ona, na kwamba wote ni wake, hakuna mkubwa mwenye haki ya kuugusa kwa siri. Hapo ndipo alipouliza, "Mbona sikupiga kelele? Labda nilikubali."

Emiliana hakukimbilia kumpoza. Akamuuliza, "Umeshaona kifaranga mwewe akipita juu yake?"

"Nimeona."

"Hufanyaje?"

"Wengine hukimbia kwa mama yao. Wengine wanaganda tu."

"Anayeganda, amekubali kuliwa?"

Tulipokuwa njiani kurudi ndipo Muhsin akaniuliza, "Shangazi, Baba anajua habari ya kifaranga?"

Kwa hiyo nimekujulisha.

Shuka siku hizi zinaamka kavu mara nyingi. Jumamosi alicheza mpira na watoto wa jirani akarudi na kidole kimechubuka, nikashukuru Mungu kwa kile kidonda. Sasa ataanza kusimulia, kidogo kidogo, kadiri anavyoweza. Akimaliza, atakusimulia wewe Emiliana akiwepo. Ndivyo tiba yenyewe ilivyo: mzigo autue mbele ya mtu wake. Masika yakikuzuia, njoo hata siku moja.

Mwaija

*

Manundu, Korogwe
20 Aprili 2024

Sadala,

Leo sikusalimu.

Muhsin amesimulia. Imechukua Alhamisi kadhaa. Akitetemeka, Emiliana anasimamisha, wanapumua, wanachora, wanarudi. Mimi nilikuwa nakaa kwenye benchi la nje. Juzi akaniita ndani, mtoto mwenyewe akiwa ameruhusu.

Anasema mara ya kwanza ilikuwa wakati wa mavuno ya mahindi. Kesho yake asubuhi alikufuata shambani akakuambia. Anakumbuka ulikuwa unanoa panga, na kwamba hukuacha kunoa. Ukamwambia, "Nenda kaoge, na maneno hayo usiyarudie." Na jioni ukamrudisha akalale chumba kile kile, na Mhina yule yule.

Faudhia aligundua Januari. Kutoka mavuno mpaka Januari, Sadala.

Mimi nilidhani mwanao alikuchagua wewe kwa sababu anakupenda kuliko wote. Nikamwonea Faudhia huruma kwamba hakuchaguliwa yeye. Kumbe alikuchagua kwa sababu wewe ndiwe uliyeambiwa, na bado anangoja jibu.

Ingekuwa ni mimi, ningekufungia mlango. Emiliana ndiye anayekataa. Anasema ukija ukakiri mbele ya mtoto, siku hiyo moja itafanya kazi ya miezi. Lakini ukiri. Ukija kubishana, bora ubaki na panga lako.

Mwaija

*

Misima
29 Aprili 2024

Dada Mwaija, shikamoo.

Barua nimeisoma peke yangu, nimeichoma.

Mtoto anachanganya. Aliniambia baba mdogo anamsumbua usiku. Kusumbua ni neno pana. Nilidhani wananyang'anyana shuka. Na hata kama ningefikiri vingine, dada, ningeanzia wapi? Mhina ndiye aliyeniezekea nyumba hii. Ndiye anayemshika Mama mkono kumpeleka nje. Nyumba moja, mama mmoja. Wewe uko mjini, unaona mambo kwa mbali yakiwa mepesi.

Lakini nimefikiri. Nitakuja Alhamisi ya tarehe 9 Mei. Mwambie Muhsin baba yake anakuja kukaa naye kwa huyo mshauri. Niandikie namna ya kusema, maana mimi maneno ya namna hiyo si mwepesi.

Sadala

*

Manundu, Korogwe
4 Mei 2024

Ndugu yangu Sadala,

Mungu akuweke. Leo nimeshona nikiimba mpaka wateja wakauliza kama nimepata mchumba.

Sikiliza basi. Emiliana anataka ufike saa tatu, akusomee kwanza wewe peke yako simulizi ambayo Muhsin ameiandika, ili yale mazito yakupige mtoto hayupo. Muhsin ataingia saa nne. Atasoma aliyoyaandika. Ukiona anakwama, mngoje.

Akimaliza, useme hivi: Ninakuamini. Halikuwa kosa lako. Uliniambia, na mimi sikukulinda.

Ni hayo tu. Usiongeze "lakini." Usimuulize kwa nini hivi na kwa nini vile. Usimlilie mpaka yeye ndiye akubembeleze. Na usimshike mpaka akuruhusu. Siku hizi anaulizwa kwanza, na anapenda kuulizwa.

Amenyolewa jana. Anafanya mazoezi ya kusoma mbele yangu nikiwa kwenye cherehani. Ameniuliza, "Baba akiangalia chini, nisimame au niendelee?" Nimemwambia aendelee.

Tunakungoja.

Dada yako,
Mwaija

*

Manundu, Korogwe
10 Mei 2024

Sadala,

Jana Emiliana alikungoja chumbani kwake mpaka saa sita.

Niliwaacha mlangoni kwake wewe na mwanao, kwa sababu uliniambia, "Dada, nenda kafungue duka, sisi ni wanaume wawili, tutaingia wenyewe." Mtoto alikuwa amekushika vidole. Nikaona fahari. Nikaenda zangu nafuta machozi kama mwendawazimu.

Mama anayeuza chai getini ndiye aliyeniambia kuwa hamkuingia. Mlivuka barabara kwenda stendi, na mtoto alikuwa anauliza, "Baba, mbona tunatoka?"

Simu umezima. Emiliana amewapigia watu wa ustawi wa jamii wa huko kwenu, watafika hapo nyumbani. Kabla hawajafika, nakuomba, nami sijawahi kukuomba kitu tangu tumzike Baba: usimlaze chumba kile. Usimkutanishe na Mhina. Alhamisi ya wiki iliyopita alisoma akiwa ameketi katikati ya chumba, mbali na ukuta. Usimrudishe ukutani.

Mwaija

*

Misima
20 Mei 2024

Wifi Mwaija, shikamoo.

Simu yangu anayo Sadala. Barua hii anakuletea jirani yangu anayekwenda kliniki Korogwe.

Wifi, walipofika ile Alhamisi mikeka ilikuwa imeshatandikwa na mbuzi amefungwa. Mimi nilikuwa nimeambiwa ni shughuli ya kumwombea Mama afya. Wazee wanne walikuwepo, na Mama amekalishwa kwenye kiti. Mhina alikuwa amekuja kutoka Mkata, amevaa shati jipya.

Sadala akamwambia Muhsin, "Baba Mdogo wako anataka kukuomba radhi. Mpe mkono, yaishe."

Mhina akasema, "Kama kuna baya lolote nimekutendea, tusameheane." Kama. Alisema kama, wifi, na wazee wakatikisa vichwa kuwa amesema vizuri.

Muhsin alinitazama mimi. Nikasema, "Mtoto hataki, mwacheni." Mzee mmoja akanijibu kwa Kizigua kwamba nyama haijiivishi yenyewe, wanawake wakaangalie jikoni. Nikaenda. Nilikuwa nageuza nyama niliposikia wanaitikia dua, nikajua mkono ameutoa.

Jumatatu Sadala alimpeleka polisi akaseme alikosea, haikuwa Mhina, aliota. Akasema. Maafisa wa ustawi walipokuja walimkuta amevaa vizuri, ameshiba, wakamuuliza kama yuko salama, baba yake akiwa ameketi pale pale. Akaitikia kwa kichwa. Tangu Jumatatu ile hajatoa neno hata la kuomba maji. Mhina amerudi chumbani kwake, maana yameisha. Muhsin nalala naye mimi, mlango nimeuegemezea mtwangio.

Kesho kutwa ni siku ya gulio Chanika. Nitabeba kunde kama anayekwenda kuuza, na Muhsin atanisaidia kubeba. Hatutarudi. Sina la kumwambia dada Emiliana. Ila kama kile kiti alichomwekea Sadala bado hakina mtu, nitakikalia mimi.

Wifi yako,
Faudhia

*

Misima
8 Septemba 2024

Dada Mwaija, shikamoo.

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Mahindi tumevuna, si haba, ingawa nyani walitangulia. Mama anakuulizia. Nyumba imepoa, napika mwenyewe.

Nimepata habari kesi imefutwa kwa kukosa ushahidi. Kwa hiyo hata serikali imeona. Sioni kwa nini nyie mnaendelea kushikilia. Mwambie Faudhia arudi, mimi nimemsamehe kwa kuondoka bila ruhusa.

Mhina anaoa mwezi ujao, msichana wa Mkata, watu wazuri. Tayari wametuletea mdogo wake binti huyo, kijana wa darasa la tatu, asome shule ya hapa. Analala kwa Mhina, na Mhina anampenda kama mwanawe. Ungeona mwenyewe usingekuwa na wasiwasi. Kwenye harusi watu watauliza Muhsin yuko wapi, nami sitaki kudanganya. Mleteni hata kwa siku moja.

Kama hataki kuja, basi aniandikie hata mstari mmoja. Sijaisikia sauti ya mwanangu tangu Mei.

Sadala

*

Manundu, Korogwe
19 Oktoba 2024

Baba, shikamoo.

Ulisema mstari mmoja lakini nitaandika zaidi.

Mimi ni mzima. Niko darasa la tano shule ya huku. Sauti yangu ilirudi mwezi wa saba. Dada Emiliana hakunilazimisha, tulikuwa tunafinyanga udongo tu, siku moja nikamwambia udongo umekauka, ndiyo ikawa nimeanza kuongea. Nilidhani nitarudia yote tangu mwanzo. Akaniambia anayeijua njia, safari ya pili hachukui muda ule ule. Ni kweli, lakini bado ni mbali.

Nilimsomea Mama. Mama alikaa kwenye kiti chako. Hakuangalia chini. Nilipomaliza alisema ananiamini na halikuwa kosa langu. Halafu akasema, "Na mimi nilikwenda jikoni." Sikujua kama nahitaji hayo maneno mpaka aliposema. Nikamruhusu anishike.

Barua yako ya mwezi wa tisa Shangazi aliisoma kimya, akatoka nje, akamwita Mama. Niliwauliza kuna nini. Dada Emiliana akasema ni haki yangu kujua, ndipo wakaniambia kuhusu yule mtoto wa darasa la tatu. Sikulala. Asubuhi nikasema nataka kwenda polisi. Mama akasema si lazima, Shangazi akasema wao wakubwa watakwenda wenyewe. Nikasema na mimi nitakwenda. Nilimwambia yule askari mwanamke kwamba sikukosea mtu na sikuota. Kwamba siku ile nilisema vile kwa sababu wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu. Hasira ilinikaa magotini, lakini nilimaliza.

Askari walikwenda Misima. Yule mtoto wamemrudisha kwao. Anasema hakulala vizuri kwa Baba Mdogo, zaidi ya hapo hajasema. Dada Emiliana atakuwa anamwona. Baba Mdogo hawakumkuta. Shangazi anasema kuna mtu alimwambia mapema akimbie. Mimi sijauliza ni nani.

Baba, nilipotoa mkono siku ile sikusamehe. Nilitoa kwa sababu ulinishika kiwiko. Nataka ujue, usije ukawaambia watu nilisamehe.

Harusini nisingekuja, na likizo sitakuja. Ukitaka kuniandikia uandike, nitasoma nikiwa na Mama.

Juzi mwalimu wa darasa alituita mmoja mmoja. Kila mtoto ataje wanaoruhusiwa kuja kumchukua shuleni, mwingine akija asipewe. Nikamtaja Mama, nikamtaja Shangazi. Mwalimu akangoja, akaniuliza, "Na baba yako? Umemsahau?"

Nikamwambia sijamsahau.

Muhsin Sadala